Jibu: Nihame shirika la ndege au nivumilie?

Mkuu, pole sana. Safari ya Kigoma–Dar kuahirishwa kila mara, halafu begi la dagaa na migebuka lifike kesho yake, lazima mtu akasirike. Ila kabla hujahama angalia unahamia wapi. Kwetu Kigoma ndege zenyewe ni chache, unaweza kuhama ukakuta siku na saa za kuruka zinakubana vilevile.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni huko mbele, maana umesema ukifika Dar unaunganisha kwenda Dubai. Ukikata tiketi mbili tofauti na ndege ya Kigoma ikachelewa, shirika la pili linahesabu hukutokea, na nauli inaweza kupotea yote. Tiketi ikiwa moja, kukutafutia nafasi nyingine ni kazi yao. Kwa safari za nje mimi nisingehama bila tiketi moja ya safari nzima, hata kwa nauli nafuu.

Pointi ulizokusanya kwa kusafiri na shirika lako la sasa zitumie kwanza. Kwa kawaida hazihamishiki kwenda shirika jingine. Na kile kikaratasi chenye namba ya begi wanachokubandikia kaunta usikitupe! Lalamika kwa maandishi, ukiambatanisha picha yake. Wakikaa kimya, peleka TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.