Maswali yenu ya kipupwe: homa imeondoka, nirudi shambani?

Kamwene wasomaji. Julai ndo hii, kule mabondeni kwetu Njombe asubuhi majani meupe utadhani mtu kamwaga chumvi, na simu yangu toka wiki iliyopita haijapumzika. Meseji ni nyingi na nusu yake ni swali moja lile lile, kwa hiyo naanza nalo tulimalize.

Shikamoo mama. Mafua yamenianza jana, pua inachuruzika na mwili wote unauma. Nimeze rangi mbili au ile dozi ya siku tatu? (Kijana, Makambako)

Marahaba. Usimeze hata moja. Mafua ni kirusi, na hizo rangi mbili kazi yake ni kuua bakteria, sasa unapozimeza kwa mafua ni sawa na kupulizia dawa ya ukungu kwenye viazi vinavyoliwa na panya, dawa itaisha na panya atakuangalia tu. Nililiandika hili mwaka jana, na mwaka juzi pia. Mnachofanya nakijua: mnanunua vidonge kumi dukani, mnameza vinne, mafua yanaondoka yenyewe kama yalivyopanga, mnazisifia rangi mbili, na sita vilivyobaki vinakaa kabatini vikimsubiri jirani. Bakteria wanazoea hivyo hivyo, halafu siku mtoto wako ana nimonia ya kweli dawa haishiki.

Kunywa maji, uji, lala. Panadol mbili kila baada ya saa sita kama homa na maumivu yanakusumbua, zisizidi nane kwa siku, na soma pakiti ya hizo dawa za mafua za mchanganyiko maana nyingi zina panadol humo humo ndani, watu wanameza vyote viwili wanajikuta wamezidisha bila kujua.

Mama, niliugua flu kali siku nne, juzi ndo homa imeniachia. Nina viazi ekari moja na nusu vimekomaa na mnunuzi anasema lori linakuja Ijumaa. Nikiinama na jembe naona kizunguzungu, jasho linanitoka kama mvua. Mume wangu anasema nikiendelea kulala ndo nazidi kuumwa. Nifanyeje? (Mama wa wanne, Uwemba)

Kwanza nisalimie huyo mume, umuulize na yeye jembe lake liko wapi.

Sasa tuongee. Homa kuondoka siyo kupona, homa inaondoka mwili ukiwa umeshapigana na umebaki mtupu, ndo maana ukiinama dunia inazunguka. Uchovu wa flu unaweza kukaa wiki mbili mpaka tatu na kikohozi kikavu nacho kikabaki hapo hapo, hiyo ni kawaida, siyo uvivu wala hujalogwa. Mimi nimefanya kazi ya unesi mpaka nimestaafu na bado nilifanya ujinga huu huu unaotaka kuufanya. Homa iliniachia siku ya nne, siku ya tano niko kwenye kinyungu changu, kile kibustani cha bondeni, namwagilia kabichi, viatu vimelowa, nikajiona shujaa. Siku ya nane homa ikarudi, safari hii na kutetemeka, na upande wa kulia wa kifua kila nikivuta pumzi kama kuna mtu ananichoma na mwiba. Nimonia. Siku sita nimelala wodini, naangaliwa na mabinti niliowafundisha mwenyewe kutandika vitanda, na kabichi zikaliwa na mbuzi wa watu.

Kwa hiyo shika hili: homa ikiondoka halafu ikarudi, au kifua kinachoma ukivuta pumzi, au unakohoa makohozi yenye damu, au mtu anaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, hapo hakuna kusubiri kesho, nenda kituo cha afya. Hapo sasa ndo dawa za bakteria zina kazi, na utaandikiwa na mtu aliyekusikiliza kifua, siyo muuza duka aliyekuangalia usoni.

Tuje kwenye viazi, maana najua ndo vinavyokukosesha usingizi. Majani umeshayafyeka? Kama bado, una bahati. Waambie vijana wafyeke leo, halafu viazi vikae ardhini siku kumi mpaka kumi na nne ngozi ikomae. Kiazi kikichimbwa ngozi bado laini kinachubuka kwenye kiroba, kinaanza kuoza njiani, na mnunuzi atakukata bei kwa hilo hilo alilokuharakishia yeye. Wakishafyeka wapitishe jembe wainulie udongo kwenye matuta yaliyopasuka, wale nondo wasiingie na jua lisivifanye viazi vya kijani. Umeshapata wiki mbili za kupona, na hakuna kilichoharibika. Na huyo mnunuzi wa Ijumaa, jamani, toka nizaliwe sijawahi kusikia mnunuzi wa viazi ambaye lori lake haliji Ijumaa. Atarudi. Akirudi mkatalie na lumbesa yake.

Kama majani yalishafyekwa zamani na viazi lazima vitoke, chukua vibarua, wewe kaa kwenye kigoda uchague vikubwa na vidogo. Hata hiyo ni kazi, na jicho la mwenye mali linahitajika.

Mimi najipima kwa ndoo. Nikikaa siku mbili bila homa na bila panadol, nabeba ndoo ya lita kumi kutoka bombani mpaka jikoni. Nikifika moyo unapiga kama ngoma, narudi kulala. Nikifika vizuri, kesho yake naenda shamba nusu siku, saa nne mpaka saa saba jua likiwepo, siyo alfajiri kwenye umande. Siku inayofuata naongeza kidogo.

Konyagi kidogo na limao vinaondoa mafua? (Wa Igwachanya)

Vinakuondolea aibu, mafua yanabaki.

Dada, tuna mtoto wa miezi mitatu na usiku chumba kinakuwa barafu. Tunaingiza jiko la mkaa, ila tunasubiri moshi uishe kwanza na dirisha tunaacha wazi kidogo. Inatosha, si ndiyo? (Mama kijana, Makete)

Haitoshi. Toa jiko nje leo, usisome hata mwisho wa jibu hili.

Haya, umerudi. Mnachokiogopa nyie ni moshi, kumbe kinachoua hakionekani. Mkaa ukishaiva mwekundu, moshi umeisha, ndo watu wanafunga mlango wanasema sasa salama, na hapo hapo unaendelea kutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoingia kwenye damu na kukaa kwenye kiti cha oksijeni. Mtu anaanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi mzito, na usingizi ndo mbaya wenyewe maana aliyelala haamki kufungua dirisha. Kila kipupwe mnasikia familia imekutwa asubuhi, halafu mtaani wanaanza kunyoosheana vidole kwamba wamelogwa, wakati jiko liko pale pale katikati ya chumba limejaa majivu. Ukiamka nyumba nzima mnaumwa vichwa, tokeni nje wote kwanza ndo muulizane kulikoni.

Mtoto wa miezi mitatu heater yake ni wewe. Mvalishe kofia na soksi, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, funga blanketi juu yenu. Unaweza kupasha kitanda kwa chupa ya maji ya moto kabla ya kulala, ila itoe mtoto anapoingia.

Na angalia kadi yake ya kliniki, chanjo ya nimonia inatolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kama mlikuwa "busy na mavuno" mkairuka moja, kesho ni siku nzuri.

Mtoto wangu ana mwaka na nusu, anakohoa na anapumua haraka haraka. Nitajuaje kama ni nimonia au mafua tu? (Baba, Lupembe)

Baba anayeuliza habari za mtoto, nimefurahi mpaka nimeita jirani asome.

Hesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, halii, hanyonyi, funua tumbo uangalie linavyopanda na kushuka, shika simu hesabu dakika nzima, siyo nusu dakika halafu unazidisha. Chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni haraka. Miezi miwili mpaka kabla ya mwaka, 50. Mwaka mmoja mpaka mitano, 40. Wa kwako akifika 40, zahanati. Ukiona chini ya mbavu panabonyea kila anapovuta hewa, au hawezi kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea haamki vizuri, hapo usihesabu chochote, panda boda usiku huo huo. Umfunike lakini pua iwe wazi, nimeshapokea watoto waliofungwa mablanketi kama mzigo wa kwenda Dar.

Asali apewe kidogo kwa kikohozi, ana zaidi ya mwaka. Chini ya mwaka asali hapana kabisa. Aspirini hapana kwa watoto.

Nataka nikatundikiwe dripu la nguvu ili Jumatatu niingie shamba. Bei gani siku hizi? (Wa Ludewa)

Mnanichosha na dripu. Chupa ya nusu lita ya glukosi, ile ya asilimia 5 wanayopenda kuwatundikia, ndani ina gramu 25 za sukari, yaani vijiko kama sita vya chai, vilivyobaki ni maji. Umelipa nauli, umelipa dripu, umetobolewa, umelala benchi saa mbili kwa vijiko sita vya sukari! Bakuli moja la uji wa ulezi wenye maziwa na karanga linaishinda hiyo dripu mara kadhaa na unalinywa nyumbani kwako. Dripu ni ya mtu asiyeweza kunywa au aliyeishiwa maji.

Ninachoogopa zaidi ni ile sindano wanayochomekea humo humo bila kukwambia jina. Nyingine ni za kupunguza uvimbe na maumivu, unaamka unajiona simba, unalima siku mbili, ya tatu unaanguka. Mwenye vidonda vya tumbo au presha anaweza kutapika damu au figo zikamsumbua. Uliza jina la dawa, iandikwe. Asiyetaka kuliandika, shuka kitandani uondoke.

Naumwa mafua na mimi ndo nakamua ng'ombe, mwingine yeyote akimgusa anapiga teke. Maziwa yatakuwa na mafua? (Mama, Njombe mjini)

Maziwa yatachemshwa, au siyo? Kama hamchemshi basi mafua ndo tatizo dogo kuliko yote, maana maziwa mabichi yanaleta TB ya ng'ombe na ule ugonjwa wa kutupa mimba, ambao kwa binadamu ni homa za kuja na kuondoka, jasho la usiku na viungo kuuma miezi na miezi, watu wanatibiwa malaria wee mpaka wanachoka wakati malaria yenyewe mkoani kwetu ni kidogo mno. Nawa mikono, funga kitambaa puani, kamua.

Lakini swali la kweli ni kwa nini ng'ombe mzima anategemea mtu mmoja. Ukilazwa? Ng'ombe hasubiri upone, asipokamuliwa kiwele kinavimba. Mimi nilipolazwa mwanangu wa kiume alivaa kitenge changu cha zizini, kile kinachonuka pumba, akavaa na kilemba, akakaa upande ninaokaa mimi, ng'ombe akageuka akamnusa, akaendelea kula. Siku tatu alifikiri ni mimi. Mfundishe mtu sasa hivi, na akiwa mwanaume ndo vizuri zaidi, vidole vyao vina nguvu za bure zinazoishia kwenye bao.

Kujifukiza nyungu kunasaidia? (Wengi)

Mvuke unafungua pua, basi. Hauui kirusi. Watoto msiwaingize chini ya blanketi na sufuria ya maji yanayochemka, nimeona mapaja yaliyoungua tangu enzi za korona na sitaki kuona tena. Vinyungu mnavyo mabondeni, vinatosha.

Mume wangu anakohoa wiki ya sita sasa, anasema ni baridi na vumbi la mahindi, mavuno yakiisha atakwenda kupima. Amekonda. (Mke, hakutaja anapokaa)

Dada, hapa sina utani. Kikohozi kikifika wiki mbili, makohozi yanapimwa, haijalishi baridi wala vumbi, na huyu ana sita na amekonda. Kupima TB na dawa zake ni bure, matibabu ni miezi sita, mtu anapona kabisa. Hapo hapo mpime na VVU wote wawili. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 uliikuta Njombe na asilimia 12.7 kwa watu wazima, hakuna mkoa uliotuzidi, kwa hiyo tusioneane haya. Mahindi yaliyokauka yanaweza kusubiri kwenye mabua wiki moja, yeye asisubiri. Akigoma, mwambie unakwenda kupima wewe na watoto kwa sababu mnalala chumba kimoja. Wanaume wengi wanainuka wakisikia hivyo. Usiku fungueni dirisha.

Nimepona flu wiki hii ila kifua bado kizito. Naruhusiwa kupulizia viazi dawa? (Kijana, Uwemba)

Hapana, subiri wiki nyingine. Bomba la lita 16 lina kilo 16 za maji mgongoni, na dawa inaingia kwenye kifua ambacho bado ni kidonda. Mpe mwenzako, apulizie asubuhi upepo ukiwa umetulia, avae barakoa na buti, na chupa ikiisha itobolewe. Nimechoka kukuta watu wamewekea mafuta ya kula humo.