Neema, kabla hujaenda Japani

Mwanangu Neema,

Marahaba. Umeniuliza mambo mawili: ukifika Japani mwezi wa tano uanzie Tokyo au Kyoto, na ile tiketi ya reli ya wageni uinunue au uiache. La tiketi ni hesabu tu. Oktoba 2023 bei ya siku saba ilipanda kutoka yeni 29,650 hadi 50,000, na safari moja ya Shinkansen, treni yao ya kasi, kutoka Tokyo hadi Kyoto ni kama yeni 14,000. Kwenda na kurudi hufikishi hata 30,000. Iache. Ukielekea Kyoto kaa dirisha la kulia, mlima Fuji uko upande huo. Kuhusu mji wa kuanzia, anzia pale ndege itakapokushusha. Ila usifike siku za kwanza za Mei; ni sikukuu mfululizo na wenyeji wote wako njiani.

Sasa nikwambie ambalo hukuuliza. Mama yako amenionyesha orodha yako: Shibuya, Asakusa, hekalu la dhahabu, mitaa ya Gion, kulungu wa Nara. Nimeisoma mara mbili. Sikuona jaruba hata moja. Mtoto aliyesomeshwa kwa mpunga wa kijijini kwetu Chekereni anaenda Japani, mwezi ambao sehemu kubwa ya nchi inapandikiza, na hana mpango wa kuuona mpunga! Tangu mkiwa wadogo wewe na Elia nawaambia: nchi huijui mpaka umemwona anayeilisha.

Na kwa Japani hilo si langu peke yangu. Ndani ya kasri la kifalme pale pale Tokyo kuna jaruba dogo. Kila mwaka Mfalme Naruhito huingia na viatu vya mpira, akapandikiza miche kwa mkono, na majira ya kuvuna yakifika anakata mwenyewe. Desturi hiyo aliianza babu yake, Hirohito, mwaka 1927. Hutaruhusiwa kuliona, lakini ukipita nje ya ule mfereji wa kasri ujue liko ndani.

Kyoto usiache hekalu la Fushimi Inari. Najua umeliona mtandaoni, yale maelfu ya malango mekundu yanayopanda mlimani. Watu hupiga picha wakashuka. Wewe simama mbele ya sanamu za mbweha uzitazame midomoni. Mmoja ameuma ufunguo wa ghala, mwingine suke la mpunga. Inari ni mungu wao wa mpunga; wafanyabiashara walimfuata baadaye, na ndio waliotoa hayo malango, majina yao yameandikwa upande wa nyuma. Ni vituo viwili tu vya treni kutoka stesheni ya Kyoto, hakuna kiingilio, hapafungwi usiku wala mchana. Nenda alfajiri. Na popote utakapokula, usisimamishe vijiti ndani ya bakuli la wali. Hivyo ndivyo wanavyomwekea marehemu.

Lakini hasa ninachotaka uende Tsukuba, hata kwa siku moja. Enzi zetu, tulipokwenda mafunzoni, tulifika huko kwa basi. Treni ya moja kwa moja kutoka Akihabara ilianza 2005, na sasa ni dakika 45. Hutaikuta kwenye orodha ya mtu yeyote. Ni mji wa watafiti, na pembeni yake majaruba yanasambaa mpaka chini ya mlima Tsukuba. Panda basi la kwenda mlimani, ukae dirishani. Mwezi wa tano maji yamejaa, miche bado midogo, na mlima wote unauona chini ndani ya jaruba kama kwenye kioo.

Yule mzee wa kwenye picha ya sebuleni, mwenye taulo kichwani, jaruba lake lilikuwa huko. Picha unaijua, ila yaliyotokea siku ile sidhani kama nimewahi kuwasimulia sawasawa. Mratibu wa mafunzo alitupeleka kwake tuone mashine ya kupandikiza. Tukaiona, ikapanda jaruba zima sisi tukiwa tumesimama. Pembeni kulibaki kona ambayo mashine haigeuki. Mzee akachukua miche akaanza kuimalizia kwa mkono. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaingia. Nilipandikiza mstari wangu kwa nafasi ile ile tuliyozoea kwetu, kwenye skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, kwa mbegu ya mpunga ya IR54. Nilipofika mwisho nikageuka, namwona mzee anafuata nyuma yangu, ameinama, anakagua. Hakung'oa mche hata mmoja. Neema, nimepokea vyeti maishani, lakini hakuna kilichonifurahisha kama mgongo wa yule mzee kupita juu ya mstari wangu bila mkono wake kugusa maji.

Tulipokaa kwenye tuta kula, akamwambia mkalimani aniulize kama nina mtoto. Nikasema ninaye, wa kike, ndiyo kwanza anajifunza kuongea. Akauliza: atalima? Nikajibu palepale: atalima. Mzee akanyamaza, kisha akasema mwanawe wa kiume yuko Tokyo ofisini, anakuja Mwaka Mpya na Agosti wakati wa kuwakumbuka wafu, na akiondoka anabeba mfuko wa mchele. Hakulalamika. Alisema hivyo kama mtu anayetaja hali ya hewa, akanimiminia chai.

Tangu siku hiyo limenikaa. Mwaka 2020 wastani wa umri wa wakulima wa Japani ulikuwa unakaribia miaka 68, na niliposoma hivyo nilimwona yeye. Wewe uko Dar, kazi yako ya bima inakulipa vizuri, na krismasi ukirudi mama yako anakufungia mchele. Sikulaumu. Ningekulaumuje, mimi niliyeuza magunia ili usome? Jaruba ndilo lililokupeleka shule, na shule ndiyo iliyokutoa kwenye jaruba. Halafu najiuliza, kwani nilitaka uvunje mgongo kama bibi yako? Sikutaka. Lakini pia sikutaka nipite kwenye mfereji wa babu yako nione mtu wa kukodi ndiye anayefungulia maji. Yote mawili ni kweli na siwezi kuyapatanisha.

Kuhusu yule kijana wa Tokyo, kama alifanya sawa au hakufanya, nina langu la kusema, na ninalo siku nyingi. Nilikuwa nimeliandika hapa, aya nzima, mama yako akasoma akaniambia niifute. Nimefuta, ingawa kwa shingo upande. Usije ukaenda huko na macho yangu.

Nenda tu. Shuka Tsukuba, utembee kwenye matuta bila kuyabomoa, ukimkuta mzee au bibi shambani umsalimie kwa kuinama, umtazame anayeilisha nchi ile. Ukirudi njoo Chekereni kabla hujaenda kazini, utaniambia wewe kwanza unavyoona. Mimi langu nitalisema baada yako.

Baba yako