Namba zizo hizo, mimi nimepata desibeli 83, mkaguzi amepata 91.4

SWALI: Mimi ni afisa wa usalama katika kiwanda cha kusaga unga wa mahindi hapa Kenya. Nilipima kelele anazopata mfanyakazi mmoja katika zamu ya saa 8. Saa 1 yuko kwenye mashine ya kusaga (desibeli 100), saa 4 anafungasha (84), na saa 3 yuko stoo (76). Nilizidisha kila kiwango kwa saa zake, nikajumlisha, nikagawanya kwa 8, nikapata 83. Mkaguzi wa nje alichukua namba zangu hizo hizo akapata 91.4. Meneja anauliza tumwamini nani, na anataka grafu moja ya kupeleka kwenye kikao cha wakurugenzi. Nifanyeje?

JIBU: Mwaminini mkaguzi. Vipimo vyako sina shaka navyo. Hesabu ndiyo imekwenda kombo, na si wewe peke yako. Ripoti nyingi za kelele ninazoletewa zina wastani wa namna hii.

Desibeli hazijumlishwi kama kilo za unga. Kipimo hiki ni cha logariti: kelele zikipanda kwa desibeli 3, nishati ya sauti inayofika sikioni inakuwa maradufu, na zikipanda kwa 10 inakuwa mara kumi. Kati ya 84 ya kufungasha na 100 ya mashine ya kusaga, nishati imezidi karibu mara 40. Ukichukua wastani wa kawaida unaifanya tofauti hiyo ya mara 40 ionekane kama pengo la 16 tu, na saa ile mbaya inamezwa na saa za stoo.

Kwa hiyo kila kiwango kirudishwe kwanza kuwa nishati: gawanya desibeli kwa 10, kisha chukua 10 uipandishe kwa kipeo hicho. Hapo 100 inakuwa milioni 10,000, 84 inakuwa takriban milioni 251, na 76 takriban milioni 40. Zidisha kwa saa, jumlisha, utapata kama milioni 11,124. Gawanya kwa 8, upate milioni 1,390. Tafuta logariti yake kwa kizio cha 10, ambayo ni 9.14, zidisha kwa 10. Jibu ni 91.4.

Kwenye Excel, weka desibeli safu ya B na saa safu ya C, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 4, kisha andika:

=10*LOG10(SUMPRODUCT(C2:C4,10^(B2:B4/10))/8)

Hiyo 8 ibaki 8 hata kama zamu ni ya saa 10 au 12, kwa kuwa kikomo cha sheria kimewekwa kwa saa 8.

Na sheria ndiyo inayofanya tofauti hii isiwe ya kitaaluma tu. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2005 haziruhusu mfanyakazi apate zaidi ya kiwango-linganifu (yaani wastani wa nishati kama tulioupiga hapo juu) cha dB(A) 90, desibeli zilizopimwa kwa kufuata usikivu wa sikio, kwa saa 8 ndani ya saa 24, na ikizidi 85, mwenye kiwanda anatakiwa kuwa na mpango wa kudhibiti kelele na kulinda usikivu. Kwa 83 yako, kampuni ingeonekana haijafika hata mstari mmoja. Kwa 91.4, imevuka mistari yote miwili.

Sasa tafsiri, na hapa ndipo namba zako zina faida kubwa kuliko unavyodhani. Katika ile jumla ya milioni 11,124, milioni 10,000 zimetoka kwenye saa moja tu ya mashine ya kusaga. Ni karibu asilimia 90 ya nishati yote. Wakurugenzi wakiamua kutumia pesa kutuliza sehemu ya kufungasha, tuseme hata iwe kimya kabisa, kiwango cha siku kitashuka kutoka 91.4 hadi 91.0. Lakini akikaa kwenye mashine nusu saa badala ya saa nzima, na nusu ya pili akafungashe, kinashuka hadi 88.9. Bado kimezidi 85, na ile nusu saa nyingine lazima kuna mtu ataifanya, kwa hiyo mimi ningesukuma zaidi mashine yenyewe izungushiwe kizimba cha kuzuia sauti. Vizibo vya masikio visiingizwe kwenye hesabu hii kabisa. Andika kiwango kama ambavyo kingekuwa hajavaa kitu.

Kuhusu grafu: usichore pau za desibeli zinazoanzia sifuri. Pau ya 84 na ya 100 zitaonekana kama ndugu wa kimo kimoja, na mkurugenzi atauliza tatizo liko wapi. Chora mgawo wa nishati, yaani asilimia 90 mashine, 9 kufungasha, 1 stoo, na juu yake sentensi moja: "Saa moja kwenye mashine ya kusaga inaleta asilimia 90 ya kelele za siku, kiwango cha siku ni 91.4, kikomo ni 90." Rangi nyekundu na kijani weka ukipenda. Kinachosomwa ni ile sentensi.

Mfanyakazi mwenyewe naye aambiwe, na yeye hahitaji grafu. Mwambie kwamba ikiwa analazimika kupaza sauti ili mwenzake aliye umbali wa mita moja amsikie, hapo yamkini kelele zimefika 85.

Jambo la mwisho ulikague kabla ya kikao. Ikiwa siku nyingine utatumia kile kipimo kidogo kinachovaliwa begani zamu nzima, angalia mpangilio wake. Vingi vinaweza kuwekwa kwa kanuni ya OSHA, shirika la usalama kazini la Marekani, ambako dozi (kiasi cha kelele alichopata mtu) huhesabiwa kuwa imeongezeka maradufu kwa kila desibeli 5 badala ya 3. Zamu hii hii, kwa mpangilio huo na kizingiti cha 80 (kelele za chini ya hapo hazihesabiwi), ingekupa takriban 87.6, chini ya kikomo, na kwa kipimo kilichofanya kazi vizuri kabisa. Weka 3, andika kwenye ripoti kwamba umeweka 3, na karatasi ya vipimo vya awali uiambatishe jinsi ilivyo, pamoja na ile 83 na maelezo ya kwa nini imeachwa.