Akikwambia "niko poa, Kocha", mpeleke ukutani kwanza

Niseme tu ukweli kabla sijaanza kushauri mtu, goti la mchezaji wangu mmoja niliumiza mimi. Si mchanga, si mtoto kucheza vibaya, ni mimi na kambi yangu ya Agosti.

Nafunza wasichana wa miaka 13 hadi 17 voliboli ya ufukweni hapa Nairobi, na najua mnacheka, ufukwe gani na bahari iko Mombasa. Mchanga wetu uliletwa na lori, ule wa mto wa kujengea, tukauchekecha mawe na vipande vya chupa tukaumwaga kiwanjani. Watoto wanakuja kwa sababu waliona Gaudencia Makokha na Brackcides Khadambi wakicheza Olimpiki ya Tokyo, na kila mmoja anataka kuwa huyo. Mimi nami nilitaka wawe hao, tena haraka.

Siku za shule tulikuwa na mazoezi Jumatano dakika 60 na Jumamosi dakika 120, basi. Likizo ilipofika nikaona nafasi ndiyo hii, nikaweka asubuhi na jioni, dakika 90 kila mara, siku sita kwa wiki, na wazazi wakafurahi sana ati watoto hawashindi kwa simu. Siku ya nne yule msichana aliyekuwa anaruka kuliko wote akaanza kupiga mpira kwa neti. Nikamfokea. Siku ya tano nikamuuliza uko sawa, akasema "niko poa, Kocha". Jioni hiyo tukielekea steji nikamwona anavyoshuka ngazi za daraja la Roysambu, ameshikilia chuma, mguu mmoja kwanza halafu mwingine unafuata, kama nyanya yangu.

Mtu wa fizio, yule wa kutibu misuli na viungo, alibonyeza tu chini ya goti, pale mbele kwa mfupa, mtoto karibu aanguke kwa kiti. Inaitwa Osgood-Schlatter. Kano ya goti inavuta mahali ambapo mfupa bado unakua, na ikivutwa kila siku bila kupumzishwa panavimba na kuuma, na inapata sana watoto wanaorefuka haraka halafu wanaruka sana. Akamuuliza mama kama mtoto amerefuka karibuni. Mama akacheka, akasema sketi ya shule alinunua Januari na saa hii iko juu ya magoti. Mimi nilikuwa namwona kila siku na sikuwa nimeona kitu.

Kilichonidanganya ni ile imani ati mchanga ni laini kwa hivyo hauumizi. Kutua ni laini, hiyo ni kweli. Lakini ukiruka kutoka mchangani mguu unazama kwanza, nguvu inapotelea huko chini, unasukuma zaidi na bado hufiki juu vile ungefika kwa sakafu. Kukimbia mchangani peke yake kunakula nguvu kama mara 1.6 ya kukimbia kwa ardhi ngumu. Halafu mko wawili tu, upande wa mita 8 kwa 8, hakuna sabu wa kuingia badala yako. Na kuna kitu watu hawaongelei, uchovu haugawanywi sawa kwa hao wawili: wapinzani wakishajua mdhaifu ni nani wanampigia sevu zote, apokee yeye, akimbie yeye, aruke yeye apige, mwenzake anamwekea tu mpira. Kesho yake wewe kocha unawapa wote mazoezi yale yale.

Sasa niko na daftari. Kama nusu saa hivi baada ya mazoezi namuuliza kila mtoto kivyake, si mbele ya wenzake, leo ilikuwa ngumu kiasi gani kutoka 0 hadi 10, halafu hiyo namba nazidisha na dakika. Dakika 60 na amesema 5 ni 300, dakika 120 na amesema 6 ni 720, kwa hivyo wiki yetu ya kawaida ni kama 1,020. Nikarudi nyuma nikapigia ile kambi hesabu: dakika 1,080 kwa wiki, na hata tukiiwekea 7 tu, ni 7,560. Zaidi ya mara saba, kwa wiki moja! Nilifunga daftari nikaenda kuchemsha chai.

Uzuri wa hii njia ni kwamba inaona vitu saa haioni. Tuliwahi kwenda Mombasa na basi la usiku, asubuhi tukaingia mchangani, dakika zile zile wanazonipa 5 huku kwetu kwa baridi ya Nairobi wakanipa 8, usingizi hakuna, joto nalo unalijua.

Na usiandike mazoezi yako peke yake. Nilikuja kugundua watatu wanachezea timu za shule kwa kiwanja cha simiti, mmoja hata anakimbia mbio, na kila kocha anadhani mtoto ni wake. Nikawapigia walimu wao wa michezo simu, mmoja akadhani nataka kumuibia mchezaji, tukaongea hadi tukaelewana. Wiki ya mechi za shule, kwangu mtoto anakuja kupiga sevu za kusimama na kufanya pasi, haruki.

Chakula nisiseme mengi, chai na mandazi moja si kitu cha kufanyia mazoezi saa kumi jioni. Kulala wanahitaji masaa 8 hadi 10, na anayeamshwa saa kumi usiku aende shule hayapati, kwa hivyo wa aina hiyo napunguzia bila kubishana. Lakini hii nayo mnisikize: msichana akikosa hedhi miezi mitatu, wengine wanafurahia ati ni kupumzika, hapana, mara nyingi anatumia nguvu kuliko anavyokula. Ongea na mama yake, aende kwa daktari.

Ukuta ndio dawa yangu ya bei rahisi. Kila Jumatano kabla hatujaanza, kila mtoto anashika chaki, anaruka mara tatu akiweka alama ukutani, tunachukua ya juu. Akiwa chini ya kawaida yake, siku hiyo haruki sana. Na kila mwanzo wa muhula nawauliza kina mama habari ya sketi.

Yule msichana alikaa wiki kadhaa bila kuruka, akarudi polepole. Jumatano iliyopita nikamuuliza uko sawa, akasema niko poa, Kocha, nikamwambia haya twende ukutani. Alama ilikuwa chini vidole vitatu. Akaiangalia, akaniangalia, akaenda kuokota mipira.