Kifo cha Carmen: maswali yenu

Wengi mmeitazama filamu ya Francesco Rosi ya mwaka 1984, ile ya opera ya Georges Bizet, na mmekwama mwishoni, Don José, askari aliyegeuka jambazi kwa ajili ya mapenzi, anapomchoma kisu Carmen, mpenzi wake aliyemwacha, nje ya uwanja wa kupigana na mafahali.

Carmen ameonywa kwamba José yumo kwenye umati. Mbona hakukimbia?

Wapo wasemao karata za kupigia ramli zilishamtabiria kifo: kwanza yeye, kisha José. Ni kweli anaziamini. Lakini msikilizeni dakika zile za mwisho. José anabembeleza, yuko tayari hata kubaki jambazi ilimradi asiachwe. Uongo mmoja tu, “bado nakupenda”, ungempitisha salama. Hausemi. Anasema alizaliwa huru na atakufa huru, kisha anamtaka José amchome au ampishe. Kwangu mimi huyo si mtu aliyesalimu amri kwa karata. Aliyeamua kifo ni mwenye kisu.

Na ile pete?

José ndiye aliyempa. Anamtupia.

Inakuwaje watu wanashangilia wakati mtu anauawa?

Hawamwoni. Wako ndani wakimshangilia Escamillo, matadori (mpigana na mafahali) ambaye ndiye mpenzi mpya wa Carmen, na fahali wake. Katika hadithi ya Prosper Mérimée ya 1845, Carmen anauawa mahali pa faragha, bila shahidi. Waandishi wa opera, Meilhac na Halévy, wakaleta mauaji hayo mlangoni pa uwanja wa Sevilla, na Bizet akauchomeka wimbo wa furaha wa matadori palepale anapoanguka. Kila vifijo vikipanda, wivu wa José nao unapanda. Rosi naye anaifungua filamu kwa fahali anayeuawa polepole, kwa hiyo macho yetu yameshaandaliwa. (Wapemba mtanisamehe: kwenye mchezo wenu wa ng'ombe, fahali anarudi zizini mzima.)

Mimi nilimlilia José. Nimekosea?

Sauti ya Plácido Domingo, anayemwimba José kwenye filamu, ingemliza yeyote. Tena José hakimbii. Anajitoa akamatwe, akikiri kuwa ndiye aliyemuua. Ila hata hapo bado anamwita “Carmen wangu”. Machozi yangu sikumpa.

Watazamaji wa kwanza waliupokeaje mwisho huu?

Vibaya. Opéra-Comique ya Paris, Machi 3, 1875, ilikuwa ukumbi wa familia, mahali pa kukutanisha mabinti na wachumba, si pa kuonyesha mauaji jukwaani. Bizet alifariki miezi mitatu baadaye, akiwa na miaka 36.

Kuna Carmen ya Kiafrika?

Ipo: filamu ya Afrika Kusini, *U-Carmen eKhayelitsha*, inayoimbwa kwa Kixhosa. Ilitwaa Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, mwaka 2005.