Jibu: Kwa nini E15 inahitaji kibali kila kiangazi Marekani?

Ndugu, umeuliza kwa nini petroli yenye ethanoli (aina ya alkoholi) asilimia 15, yaani E15, inahitaji kibali cha dharura kila kiangazi huko Marekani, wakati ya asilimia 10 (E10) inauzwa mwaka mzima. Kiini ni mvuke.

Petroli ikipata joto hutoa mvuke, na mvuke huo ukikutana na jua huchangia moshi mzito wa ozoni mijini. Ndiyo maana Sheria ya Hewa Safi imeweka kikomo cha mgandamizo wa mvuke cha paundi 9 kwa inchi ya mraba, vituoni kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15. Ethanoli kidogo ikichanganywa na petroli hupandisha mgandamizo huo kwa takriban paundi 1, kwa hiyo Bunge lilitoa nafuu ya paundi 1, lakini likataja mchanganyiko wa asilimia 10.

Hapo ndipo panaponiuma. Ukifika asilimia 15, mgandamizo hauzidi ule wa E10, hushuka kidogo! Kinachozuia ni maneno ya sheria. Mwaka 2019 EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, waliipa E15 nafuu hiyo, mahakama ikaifuta 2021. Tangu 2022 wanatoa vibali vya siku 20, vikiisha wanaongeza.

Na tafadhali soma ile lebo ya rangi ya chungwa kwenye pampu: E15 ni kwa magari ya 2001 kuja juu. Mashine ya kukatia nyasi usiitie kabisa, wala boti au pikipiki.