Jibu: RAM imeingia vizuri kwenye EliteBook 840 G1 lakini kioo cheusi

Habari mkuu. Nilivyokuelewa, umeongeza RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 4 ya mtumba kwenye laptop yako ya HP, imekaa vizuri kwenye sloti, lakini kioo kinabaki cheusi. Ukiitoa mashine inawaka.

Geuza hiyo RAM usome stika. Imeandikwa PC3 au PC3L? Hizo ni aina mbili za RAM ya DDR3. Mashine yako inataka PC3L, ya volti 1.35, PC3 ya kawaida ni volti 1.5. Mkato (kile kipengo kwenye meno ya RAM) ni uleule, pini 204 zilezile, kwa hiyo inaingia bila ubishi halafu inagoma. Mimi nilishapigwa hivyohivyo sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya. Muuzaji akaniapia "zote DDR3 hizo kaka", nikarudi nayo nyumbani Uyole, hasara yangu.

Ikiwa ni PC3L, toa betri, sugua meno ya RAM kwa ufutio wa penseli, kisha ijaribu peke yake kwenye kila sloti. Vumbi la kiangazi la hapa Mbeya unalijua.

Hujasema Windows yako ni ya biti ngapi. Kama ni 32, hata ukiweka GB 8 itatumia zisizozidi 4. Ukienda kubadilisha RAM, beba laptop yenyewe muijaribu hapohapo kabla hujatoa hela.